Vidonge vya homoni vya kumumunya vilinirudishia usingizi, sasa nimeona damu

Shikamoo dada,

Naomba jina langu lisitoke. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, na leo naituma hivi hivi ilivyo.

Nina miaka 53. Hedhi iliniaga nikiwa na 51 na tangu hapo sikuiona tena. Kukoma kwenyewe hakukunisumbua, hata nilishukuru. Kilichonitesa ni yale yaliyofuata. Joto linanianza kifuani, linapanda shingoni na usoni mpaka utosini, kisha jasho, kisha baridi. Mara nane, mara kumi kwa siku. Usiku naamka shuka zimelowa chapachapa. Usingizi ukawa wa kuibia, na asubuhi naenda kazini kama mtu aliyetoka kupigwa. Nikawa mkali. Wanangu wakaanza kuulizana "Mama leo yukoje?" kabla hawajaniletea neno lolote. Halafu kuna ule ukavu ambao wanawake tunaujua, sitaueleza zaidi. Mume wangu ni mvumilivu, lakini na yeye ni binadamu.

Rafiki yangu wa miaka mingi alinionea huruma akanipeleka kwenye kliniki anayotibiwa yeye. Pale nilitema mate kwenye kichupa, wakasema wanapima homoni. Baada ya wiki mbili nikapewa vidonge vya mraba, laini kama pipi, vilivyochanganywa na mfamasia kwa ajili yangu mimi mwenyewe. Kwenye kopo imeandikwa Bi-Est 80/20, miligramu 2.5. Nakikata kidonge katikati kwa wembe, nusu asubuhi na nusu jioni, naweka kati ya ufizi na shavu mpaka kiyeyuke. Nilipewa pia krimu ya projesteroni nipake mikononi kila usiku. Waliniambia hizi ni homoni za asili, hazifanani na zile za kiwandani zinazoleta saratani, na kwa kuwa zinaingia kupitia mdomoni hazigusi ini. Hilo la ini lilinifurahisha, maana mama yangu aliwahi kuganda damu mguuni na nusura tumpoteze.

Dada, wiki tatu za kwanza nililala! Nililia kwa furaha. Huu ni mwezi wa nane sasa, na mambo yamegeuka. Asubuhi nikishamumunya najisikia msichana. Ikifika mchana nashuka kama mtu aliyekatiwa umeme, joto linarudi, na mara nyingi kipandauso kinafuata. Ufizi wa upande ninaoweka kidonge unaniwasha. Siku za joto vidonge vinashikana ndani ya mkoba, navibandua kwa kisu na sijui tena nusu ni ipi. Rafiki yangu anasema nimumunye kizima asubuhi na kizima jioni, yeye ndivyo afanyavyo na yuko sawa.

Jambo la mwisho, na pengine si kitu: mwezi uliopita niliona damu siku mbili, kidogo tu. Juzi imekuja tena. Nilipiga simu kliniki wakasema mwili unazoea dawa. Mume wangu sijamwambia.

Je, niongeze dozi? Au niache kabisa nirudi kwenye mateso yangu?

Mimi niliyerudiwa na joto

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nitaanza na ule mstari wako wa mwisho uliouandika "pengine si kitu". Hedhi ikishapita mwaka mzima haijaonekana, damu yoyote inayotoka baadaye, iwe tone, iwe doa la kahawia kwenye nguo ya ndani, inatakiwa ichunguzwe na daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwako imepita miaka miwili, na damu imekuja mara mbili. Wiki hii uende. Aliyekujibu kwenye simu kwamba mwili unazoea hakuona ndani ya mwili wako, na hakuna simu inayoweza kuona huko. Ni kweli kwamba mwanamke anayeanza homoni huweza kuona matone miezi ya mwanzo. Ila wewe uko mwezi wa nane, na kwa aina ya dawa ulizopewa, mimi nisingelala.

Tulia kidogo lakini. Kati ya wanawake kumi wanaotokwa na damu baada ya hedhi kukoma, takriban tisa wakipimwa hukutwa na kitu kingine kisicho saratani: ukuta wa mfuko wa uzazi uliokonda, kinyama kidogo, ukuta uliokuwa mnene kwa sababu ya homoni. Na yule wa kumi, akiwahi, mara nyingi anatibiwa akapona. Kinachoharibu mambo ni miezi ya kusema ni kawaida.

Sasa nikueleze kwa nini kopo lako na krimu yako vimenitia wasiwasi. (Mimi si daktari. Barua yako niliisoma na daktari wa wanawake ninayemwamini, bila kumpa chochote cha kukutambulisha, na mengi ya hapa chini tuliyajadili pamoja.)

Estrojeni, homoni ya kike iliyomo kwenye vidonge vyako, kazi yake mojawapo ni kukuza ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ulipokuwa unapata hedhi, projesteroni ilikuwa inakuja nyuma yake kila mwezi kuutuliza ukuta huo, kisha unabomoka, unatoka. Ukimpa mwanamke mwenye mfuko wa uzazi estrojeni peke yake, ukuta unakua bila wa kuuzuia. Hili halikugunduliwa juzi. Mwezi Desemba 1975 jarida la madaktari la New England lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja zilizoonyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni tupu walipata saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wenzao. Mwaka 1996 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani uliowafuatilia wanawake 596 kwa miaka mitatu: katika kundi lililopewa estrojeni pekee, zaidi ya nusu ukuta wao ulikuwa umenenepa isivyo kawaida, na baadhi walikuwa na mabadiliko ya aina inayotangulia saratani. Waliopewa projesteroni juu yake walikuwa salama kama wale ambao hawakupewa homoni kabisa.

Utaniambia, "Lakini mimi napaka projesteroni." Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Projesteroni ya kupaka mkononi hupita kwenye ngozi kidogo sana, kiasi ambacho hakijathibitika kuulinda mfuko wa uzazi. Inayolinda ni ile iliyopimwa kwa kazi hiyo: kidonge cha kumeza cha projesteroni iliyosagwa laini, kwa kawaida miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, au kitanzi chenye homoni kinachowekwa ndani ya mfuko wenyewe. Kwa hiyo, mdogo wangu, kwa miezi minane mfuko wako wa uzazi huenda umekuwa ukipokea estrojeni bila mlinzi, huku wewe ukipaka krimu kila usiku kwa imani. Kosa si lako. Ila sasa umeshajua.

Kuhusu Bi-Est. Maana ya 80/20 ni kwamba estrojeni mbili zimechanganywa: sehemu themanini kwa mia ni estrioli na ishirini ni estradioli. Kidonge chako kizima basi kina miligramu 2 za estrioli na nusu miligramu ya estradioli. Wanaoiuza husema estrioli ni dhaifu, kwa hiyo haina neno. Ni dhaifu kweli, lakini dhaifu anayekuja kila siku naye hufanya kazi yake. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden walikuta kwamba wanawake waliomeza estrioli ya miligramu 1 hadi 2 kila siku kwa miaka mitano au zaidi, bila projesteroni, walikuwa na hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi kama mara tatu ya wasiotumia. Wewe hujafika miaka mitano, na wewe humezi, unamumunya. Nimeitaja ili neno "dhaifu" lisikulaze usingizi.

Na hilo la ini. Rafiki zangu wengi wameuziwa hoja hii, kwa hiyo nikae nayo kidogo.

Ukimeza estradioli, inaingia tumboni, inafyonzwa na matumbo, na damu yote ya huko hupitia kwenye ini kabla ya kwenda popote. Ini huivunja nyingi, huigeuza kuwa estroni, estrojeni iliyo dhaifu zaidi, na sehemu inayofika kwenye mzunguko wa damu ikiwa estradioli halisi ni ndogo, kama asilimia 5 tu. Ndiyo maana vidonge vya kumeza huwekwa miligramu 1 au 2, wakati kibandiko cha ngozi kinachotoa mikrogramu 50 kwa siku, yaani sehemu moja ya ishirini ya miligramu, kinatosha wanawake wengi. Lakini ini halikai kimya wakati linapokea wimbi hilo la estrojeni. Linaongeza utengenezaji wa protini zinazogandisha damu. Ndiyo sababu homoni za kumeza huongeza hatari ya damu kuganda, na za ngozi hazijaonekana kufanya hivyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wanawake zaidi ya 80,000 waliopata damu kuganda wakilinganishwa na karibu 400,000 ambao hawakupata, ulikuta hatari hiyo kwa waliomeza na haukuikuta kwa waliotumia vibandiko na jeli.

Kwa karatasi, kidonge cha kumumunya kingepaswa kuwa upande wa vibandiko. Ngozi ya ndani ya shavu ni nyembamba, ina mishipa mingi, na dawa inayopenya hapo huingia moja kwa moja kwenye damu. Hapo wamekuambia kweli. Walichoacha ni mate. Kitu kitamu kikikaa shavuni nusu saa, mdomo hujaa mate, na mate humezwa, hata ukijikaza vipi. Unaongea na simu, unameza. Unacheka, unameza. Kila unapomeza, sehemu ya homoni inakwenda tumboni, kisha kwenye ini. Ni sehemu gani? Inategemea siku, inategemea mdomo, inategemea kama ulikiacha kiyeyuke au ulikigeuza kwa ulimi. Kwa mtu mwingine hiyo ni kero tu. Kwa mtu ambaye mama yake aliganda damu mguuni ni swali la kumuuliza daktari kabla ya kidonge cha kwanza, na nina hakika hukuulizwa. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi zimekata ghafla, au kifua kinachoma ukivuta hewa, usisubiri miadi. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kule kukatiwa umeme mchana nako kuna maelezo. Estradioli inayoyeyuka mdomoni hupanda kwenye damu kwa kasi, hufika kileleni ndani ya saa moja hivi, kisha huporomoka, na baada ya saa sita imebaki kidogo. Uliamka ukamumunya, ukawa msichana. Jua likiwa utosini, homoni iko njiani kushuka, na ubongo wako, ule unaosimamia joto la mwili, hauchukii uchache wa estrojeni peke yake. Unachukia kupanda na kushuka. Joto hurudi. Kipandauso nacho hupenda sana mtelemko huo. Sasa fikiria ushauri wa rafiki yako wa kumumunya kizima: kilima kinakuwa kirefu zaidi na mtelemko mkali zaidi, na ule ukuta wa mfuko wa uzazi unapata mbolea maradufu. Hapana, usiongeze. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na ningelisema hata kama usingeona damu.

Kuna kitu kimoja kuhusu kipandauso usisahau kumwambia daktari: kama kabla hakijaanza huwa unaona vimulimuli, mistari ya nuru inayocheza, au upande mmoja wa uso ukafa ganzi. Kipandauso cha namna hiyo hubadilisha uamuzi wa dawa gani na kwa njia ipi.

Vipimo vya mate navyo. Homoni kwenye mate hubadilika saa kwa saa, na kiasi chake hakielezi unahitaji dozi gani. Vyama vya madaktari wa wanawake havishauri kuvitumia kupanga dawa. Kwa mwanamke wa miaka 53 ambaye hedhi imekoma na joto linampanda mara kumi kwa siku, hakuna haja ya maabara kugundua kwamba estrojeni imepungua. Dozi hupangwa kwa kuuliza: joto limepungua? Unalala? Matiti yanauma? Nisamehe kwa ukali, lakini pesa ya kile kichupa ungeinunulia feni.

Mwaka 2020 Taasisi za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti nzima kuhusu homoni hizi za kuchanganywa na mfamasia. Zilipendekeza matumizi yake yabanwe, kwa sababu ushahidi wa usalama na ubora wake ni haba, na ziachwe hasa kwa mgonjwa mwenye sababu ya kitabibu, kwa mfano anayedhurika na kiungo kilichomo kwenye dawa ya kiwandani. Sababu hizo zipo. Baadhi ya vidonge vya projesteroni hutengenezwa kwa mafuta ya karanga, na mwenye mzio wa karanga hawezi kuvimeza. Mfamasia wa kuchanganya anamfaa sana mtu huyo. Kwa hiyo simshushi hadhi mfamasia wako. Ninachosema ni kwamba dawa iliyosajiliwa imepimwa kama kila kidonge kina kiasi kile kile, kama hakiharibiki kwa joto, kama inalinda inachosema inalinda, na ndani ya boksi kuna karatasi ya onyo. Chako kimekatwa kwa wembe baada ya kuyeyukia mkobani. Hata aliyekitengeneza hawezi tena kukuambia nusu ile ina nini.

Neno "asili" limenichosha miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alionyesha kwamba projesteroni inaweza kutengenezwa kutokana na kiini cha viazi vikuu vya porini vya Mexico. Tangu hapo homoni nyingi za dunia zimeanzia kwenye mimea, kisha maabara ikamalizia. Estradioli iliyo kwenye vibandiko na jeli vya kiwandani imetoka njia hiyo hiyo na ni molekuli ile ile iliyokuwa ikitengenezwa na ovari zako. Projesteroni ya kumeza niliyoitaja juu pia. Yaani ulichokimbia na ulichokimbilia ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba kimoja kimepimwa.

Ile hofu ya saratani ya matiti inayokufanya uogope "za kiwandani" ina chanzo chake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati, na magazeti ya dunia nzima yakapiga yowe. Wanawake waliokuwemo walikuwa na wastani wa miaka 63, na walikuwa wakimeza estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini ya kutengenezwa ambayo si projesteroni yenyewe. Ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa wanawake 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka. Si sifuri, na sitakuficha: estrojeni pamoja na projestini kwa miaka mingi huongeza hatari kidogo. Ila na vidonge vyako vya kumumunya ni estrojeni. Hakuna aliyevipima akakuta havina hatari hiyo, havijapimwa tu. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, madaktari wengi leo wanaona faida ya homoni zilizopimwa, kwa mwenye mateso kama yako, huzidi hatari. Wewe una 53.

Kwa hiyo swali lako la pili, kuacha na kurudi kwenye mateso, lina mlango wa tatu ambao hukuuona. Kwanza damu ichunguzwe. Daktari atakupima kwa altrasaundi inayoingizwa ukeni kuangalia unene wa ukuta, na huenda akachukua kipande kidogo kupeleka maabara. Kinauma kama maumivu makali ya hedhi kwa dakika chache. Omba dawa ya maumivu kabla, usione haya. Muulize siku hiyo hiyo kama usimamishe vidonge mpaka majibu yatoke. Akisema usimamishe, ujue kwamba kuacha estrojeni ghafla hakuna hatari kwa mwili, ila joto litarudi na fujo zake. Jiandae na shuka za akiba.

Majibu yakiwa mazuri, zungumza naye kuhusu kibandiko au jeli ya estradioli pamoja na projesteroni ya kumeza usiku. Kibandiko hubadilishwa mara mbili kwa wiki, huachia homoni kidogo kidogo mchana na usiku, hakina kilima wala mtelemko, na historia ya mama yako haikipingi kama inavyopinga vya kumeza, ingawa daktari lazima aijue na huenda akataka vipimo vya damu kuganda kwanza. Projesteroni ya usiku ina zawadi ndogo: huleta usingizi. Wengine huamka nayo na uzito kichwani, basi humezwa mapema kidogo. Na kama homoni zitakukataa, zipo dawa zisizo homoni. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha iitwayo fezolinetanti, inayofanya kazi kwenye kile kituo cha joto cha ubongo. Nayo hutaka ini lipimwe mara kwa mara. Baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo nazo hupunguza joto.

Ule ukavu ulioupitia haraka haraka, usiupite haraka kwa daktari. Una dawa yake ndogo ya kuweka pale pale panapohusika, estrojeni ya mikrogramu chache ambayo karibu yote hubaki huko huko. Wanawake wengi wanaotumia kibandiko bado huihitaji. Mimi mwenyewe nilikaa miaka minne bila kuomba kwa sababu daktari wangu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. Miaka minne, mdogo wangu! Siku niliyosema, aliandika cheti huku akiniuliza kama nimewahi kupimwa presha.

Mumeo mwambie leo, kabla ya miadi. Si lazima umpe somo la estrioli. Mwambie umeona damu, unakwenda kupimwa, na ungependa akusindikize. Mtu aliyevumilia shuka zilizolowa miaka miwili anastahili kujua hili.

Rafiki yako ni kazi ngumu zaidi, maana alikupeleka kwa mapenzi na ataona unamlaumu. Usimwambie dawa zake ni mbaya. Muulize maswali mawili tu: bado ana mfuko wa uzazi, na ni projesteroni gani anayotumia. Kama mfuko upo na projesteroni ni krimu ya mkononi, mwombe mwende wote siku hiyo hiyo. Yeye anamumunya mara mbili ya wewe, na kutotokwa na damu si uthibitisho kwamba ukuta uko salama.

Siku ya kwenda beba kopo lenyewe na tyubu ya krimu, na vile vilivyoshikana pia. Andika kwenye karatasi tarehe za damu, siku ngapi, na historia ya mama yako, kwa sababu ukishakaa mbele ya daktari utasahau nusu. Mapokezi wakikuuliza shida yako mbele ya watu, huna haja ya kunong'ona habari ndefu za vidonge. Sema, "Hedhi yangu ilikoma miaka miwili iliyopita na sasa natokwa na damu." Wakikupangia baada ya miezi miwili, irudie sentensi hiyo hiyo polepole, kisha uombe kuongea na muuguzi.